Kwa nini Bunge la Ubelgiji lilimnyang'anya mfalme Kongo mwaka 1908?

Binti wa Kamalondo:
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Darasani tulifundishwa kwamba Bunge la Ubelgiji liliitoa Kongo mikononi mwa Mfalme Leopold II kwa sababu ya huruma, habari za Wakongo kukatwa mikono chini ya utawala wake zilipoenea Ulaya. Babu yangu ni mtu wa Bunkeya, ambako mtawala wetu, Mwami Msiri, aliuawa na msafara wa Leopold Desemba 1891, naye hakubali kwamba waliotuteka walituonea huruma miaka 17 baadaye. Wabunge walisukumwa na nini hasa?

Mwalimu mstaafu:
Binti yangu, babu yako ana haki ya kutilia shaka, ingawa huruma nayo ilikuwapo. Kongo ilikuwa ya mfalme peke yake. Bunge halikuwa na sauti juu ya bajeti wala sheria zake, ilhali mwaka 1890 lilikuwa limekubali kumkopesha franka milioni 25. Ripoti ya konseli wa Uingereza, Roger Casement, kuhusu ukatili huo ilipotoka mwaka 1904, Ubelgiji nzima ilibeba aibu ya mambo ambayo Bunge lake halikuweza kuyazuia. Mfalme aliunda tume akitumaini kwamba itamsafisha, lakini tume ikathibitisha mengi. Mbele yake chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110, kila kimoja mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya utomvu wa mpira waliolazimishwa kukusanya, akavitenga mafungu manne, wakuu wa kabila, wanaume, wanawake na watoto, huku akimtaja kila marehemu kwa jina. Miaka yote niliyofundisha, nilipofika hapo nilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Mkaaji wa Katuba:
Mwalimu, uniruhusu niongeze, kwa maana sheria yenyewe inaonyesha walichokijali. Sheria ya Koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 ililipa Bunge haki ya kupitisha bajeti ya Kongo kila mwaka, ikamweka waziri wa makoloni anayewajibika kwake, na ikakataza kumlazimisha mtu yeyote kufanya kazi kwa faida ya kampuni au watu binafsi. Hilo la mwisho lilikuwa jambo kubwa, nami silidharau. Lakini ilitenga pia mali na madeni ya Kongo na yale ya Ubelgiji, ili mzigo usiwaangukie walipa kodi wa kule. Mfalme naye alipewa mfuko wa franka milioni 50 kama shukrani, na koloni yenyewe ndiyo iliyotozwa fedha hizo. Mkongo hakuulizwa lolote.

Binti wa Kamalondo:
Asante sana, wazee wangu. Je, huku kwetu Katanga mabadiliko yalifika mwaka huohuo?

Mwalimu mstaafu:
Hapana, mwanangu. Katanga ilikuwa chini ya Kamati Maalumu ya Katanga, chombo cha pamoja cha serikali ya mfalme na kampuni binafsi, tangu 1900, na kamati hiyo iliendelea kututawala hadi 1910, serikali ilipomleta makamu wa gavana mkuu. Mwaka huohuo mji wetu ulianza kujengwa.