Nyutrofili 1.3 nami ni mzima: hiyo "kawaida" ni ya nani?

Mwana wa Mikindani: Habari zenu, ndugu. Nilipimwa picha kamili ya damu kwa ajili ya ajira mpya, na karatasi ikaonyesha nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu) 1.3, huku pembeni pameandikwa kwamba kawaida huanzia 2.0. Nimerudishwa maabara mara tatu kwa gharama yangu na mwajiri bado anasita, ilhali sina homa wala kidonda, na wiki nzima nimebeba magunia ya korosho. Je, hiyo kawaida ilipatikana kwa kuwapima watu gani?

Mtu wa Maabara, Masasi: Pole sana, ndugu yangu. Mara nyingi mipaka hiyo huja na mashine yenyewe, ikiwa imetokana na watu waliopimwa mbali na hapa. Utaratibu unaokubalika ni kuwapima watu wenye afya wasiopungua 120 katika kila kundi, wanaume mbali na wanawake mbali, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake, hata kati ya wazima ishirini, mmoja huangukia nje. Zaidi ya hayo, Waafrika wengi hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi unaoikinga damu dhidi ya malaria aina ya vivax, na wenye urithi huo huwa na nyutrofili chache katika damu bila kuugua zaidi ya wengine. Tafuta majibu yako ya zamani, uone kama namba yako imekuwa hivyo tangu zamani.

Muuguzi, Lindi: Nakubaliana na kaka kuhusu nyutrofili, ila tusiifanyie himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, vivyo hivyo. Hapa pwani kichocho na safura humnyonya mtu damu polepole naye akajiona mzima, hivyo tukikusanya wanaojisikia vizuri bila kupima choo, mkojo na malaria, tutaandika upungufu wa damu kuwa ndiyo kawaida. Hata viwango vya watu wazima wa Mbeya, vilivyochapishwa mwaka 2008, nisingevichukua moja kwa moja, kwa sababu kule ni mita 1,700 hivi juu ya bahari na mwinuko huongeza himoglobini, nasi tunakaa ufukweni.

Mwana wa Mikindani: Asanteni sana. Nimefukua sanduku la mama na kupata karatasi yangu ya mwaka 2019, wino umefifia lakini nyutrofili inasomeka: 1.4. Kesho nitampelekea daktari pamoja na hizi tatu.