Mjadala: Hivi "kutoa elimu" ndiko kuelimisha?

Ndugu zangu, nina neno moja nataka tulijadili, maana hapa Tanga halikosekani kikaoni.

Juzi nilikuwa diko la Sahare, pale wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki. Afisa mmoja alishika kipaza sauti akaanza: "Tumekuja kuwapa elimu ya uvuvi." Alisema weee, mwisho akauliza kama kuna swali huku anatazama saa. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alinyoosha mkono, hakuonekana. Mzee huyo ukimwonyesha mwezi tu atakwambia kama ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, maji madogo, na misimu ya pepo za kusi na kaskazi amezivua zote tangu kijana. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kikao kikafungwa, ikaandikwa kwamba elimu imetolewa.

Mimi nasema lile lilikuwa tangazo.

Elimu tumeipata kwa Kiarabu, ilm, pamoja na ndugu zake mwalimu, ulamaa, taaluma na maalumu. Lakini Kiswahili hakina kitenzi "kuelimu". Kina kuelimisha, chenye -ish- ya kusababisha, na kuelimika, chenye -ik- ya hali inayomfika mtu. Kwa hiyo asipoelimika, hujamwelimisha, umemwambia tu. "Kutoa elimu" kunatukwepesha hapo: elimu inakuwa kama mahindi ya msaada, ukishagawa umemaliza kazi.

Sasa tazameni neno letu wenyewe, funda. Humo mmetoka fundi, fundisha, funzo na mwanafunzi. Mwari hufundwa na kungwi, ambaye pwani huitwa pia somo, na hafundwi kwa hotuba. Anaonyeshwa, anaulizwa, anakosea, anarudia. Seremala wa majahazi naye hivyo hivyo, miaka kwa miaka. Hata "educate" ya Waingereza asili yake ni Kilatini, educare, yaani kulea.

Dada mmoja mwalimu, wa Chumbageni, amenipinga vikali: kipindupindu kikiingia mtaani, nani ana muda wa kufundana? Kuwaambia watu wachemshe maji ndiyo elimu yenyewe. Namheshimu, na tangazo hilo linaokoa roho za watu. Basi tuliite tangazo. Ila sikubali kwamba watu wengi hawawezi kuelimishwa kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifika nchi nzima kwa redio, na watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Pale katikati, kwenye kujadiliana, ndipo walipoelimika.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Elimu ikishatolewa, anayebisha anaambiwa "hana elimu". Uvuvi wa baruti naupinga kwa moyo wangu wote, unaua matumbawe na mazalia ya samaki. Lakini mvuvi anayeuliza atakula nini akizuiwa juya lake, ule wavu wa kukokota, huyo ana swali, na swali lake linataka jibu. Kumwita mjinga ni kumfunga mdomo kwa neno zuri.

Napendekeza afisa anayekuja dikoni aseme "nimekuja kuwaarifu" kama anaarifu. Akisema anaelimisha, basi akae chini, asikilize kwanza.

Wenzangu wa Pangani, Mkinga na Bagamoyo, kikao chenu cha mwisho cha "kupewa elimu", ninyi mliulizwa nini?