HiAce ya kulala: friji inazima usiku

Mgeni_wa_Dunga: Wakuu, gari langu la HiAce lina kitanda, friji ya volti 12 (wati 45) na betri ya pili ya asidi, Ah (ampea-saa) 100, chini ya kitanda. Hata baada ya safari ya Nakuru hadi Kisumu, ikifika saa nane usiku friji inazima. Waya wa kuichaji kutoka betri ya injini ni milimita mraba 2.5, mita 4. Ninunue betri nyingine?

Fundi_Kondele: Usinunue, ndugu. Waya ndio mwembamba. Kwenda na kurudi ni mita 8. Ampea 40 zikipita unapoteza zaidi ya volti 2, betri inachaji polepole mno. Weka wa milimita mraba 16, upotevu unashuka chini ya nusu volti. Fyuzi ya ampea 60 iwe kila mwisho wa waya, karibu na kila betri, maana moto unaweza kuanzia upande wowote. Waya hasi unapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Ukibana juu ya rangi, kazi yote ni bure.

Mama_Safari: Naongezea hesabu. Mota ya friji ikifanya kazi nusu ya muda, inakula Ah 45 kwa siku. Joto la Kisumu linaongeza. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja tu bila kuwasha injini au kufunga sola. Na tafadhali, hiyo betri iko mnapolala! Ikichaji hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Ifungie kwenye sanduku lenye paipu ya kutoa hewa nje.