Panya ndani ya mizinga ya nyuki wakati wa baridi: tupeane uzoefu

Mwana Katuba
Bandugu, leo asubuhi nimeenda kuangalia mizinga yangu barabara ya Kasenga, hapa Lubumbashi. Wa tatu nikaugonga ubavuni: kimya. Nikainua kifuniko. Masega ya chini yametafunwa mpaka kwenye mbao, majani makavu yamesokotwa mviringo kama kofia, na katikati vitoto sita vya panya, vyekundu, havina hata unyoya. Nyuki wamehama wote. Ile harufu ya mkojo nimerudi nayo mpaka nyumbani, mama watoto ananiuliza nimelala wapi. Nani mwingine yamemkuta?

Mama wa Kipushi
Mimi. Mizinga miwili mwaka jana. Pole sana.

Yaya Kichuguu
Mdogo wangu, usisingizie baridi peke yake. Kuanzia mwezi wa sita watu wanachoma pori. Majani yakiungua panya aende wapi? Anatafuta sanduku lenye joto na chakula. Fyeka hatua tano kuzunguka mizinga kabla jirani hajawasha kiberiti, na moto wenyewe utakuwa umeukinga.

Fundi Mbao
Punguza mlango. Kimo milimita 8, basi. Nyuki anapita, panya mkubwa fuvu linamgomea. Fuvu likipita, mwili wote umepita.

Mtoto wa Ruashi
Nilipunguza. Saa saba mchana joto likawazidi, wakaning'inia nje kama ndevu za mzee, wiki iliyofuata wakahama. Bila panya hata mmoja.

Fundi Mbao
Nimesema kimo, sikusema upana! Upana acha kama ulivyo.

Mtoto wa Ruashi
Fundi, wewe una mizinga mingapi?

Fundi Mbao
Tisa.

Mtoto wa Ruashi
Yenye nyuki?

Mama wa Kipushi
Mmeanza. Shemeji yangu yuko Liège, Ubelgiji, anafuga pia. Mwezi wa kumi anapigilia mlangoni kipande cha bati chenye matundu, anawaachia nyuki asali kilo 15 na zaidi, kisha hawafungui tena. Wanajikusanya kama mpira, wanapashana joto hadi maua yarudi.

Yaya Kichuguu
Huko ni theluji, mama. Hapa hata mwezi wa saba jua likipanda nyuki wanatoka. Ukiwafungia kama wa Ubelgiji, unawaudhi, wanakuachia sanduku. Ila hilo bati lake nalikubali.

Asali Chungu
Ninyi mnalia panya. Mimi mzinga wangu ulikuwa juu ya matofali, chini ya kichuguu kikubwa. Nikaenda jioni kuvuna, mwezi unawaka, moshi mkononi. Nikaona kiota cha majani pembeni, nikajisemea huyu panya leo atanijua. Nikaingiza mkono kukitoa. Kikajikunja. Bandugu, kilikuwa kinene katikati, kimeshamaliza kumeza panya, na kilikuwa baridi kama bukari (ugali) ya jana. Nikaruka, wavu wa uso ukabaki kwenye tawi, mguu ukapiga mzinga ukaanguka. Nyuki wakanisindikiza mpaka barabarani. Kesho yake jicho moja halifunguki, mke wangu anahesabu miiba shingoni, alipofika 40 akachoka.

Mtoto wa Ruashi
Nyoka gani?

Asali Chungu
Sikumuuliza jina.

Fundi Mbao
Ning'iniza mizinga kwa waya kati ya miti miwili. Paka grisi kwenye waya, hata siafu hawavuki.

Mwana Katuba
Wa kwangu ulining'inia, fundi. Grisi ilijaa vumbi, ikakauka, panya akateremka na waya kama fundi wa umeme.

Mama wa Kipushi
Mzinga ukiwa na nyuki wengi hawaogopi panya. Nilimkuta mmoja amekufa ndani, wamemchoma, wakashindwa kumtoa, wakampaka gundi yao mwili mzima. Alikuwa mgumu kama ubao, hata hakunuka. Walio wachache ndio wanaovamiwa. Waunganishe kabla ya baridi.

Asali Chungu
Panya wa pori mnene hivyo, na mmemtupa?

Mama wa Kipushi
Njoo umchukue, amekaushwa tayari.

Mwana Katuba
Jamani, haya masega yaliyokojolewa, natupa au nayeyusha nta?

Yaya Kichuguu
Yeyusha, chuja kwa kitambaa, hiyo itakuwa mishumaa. Lakini usiguse sufuria ya mama watoto. Tayari anakuuliza ulilala wapi.