Tangi la futi 6, Nakuru: oska, goldifishi, mbuna au fulu wa ziwani?

BabaNjeri_Lanet

Habari zenu wafugaji. Nimepata tangi la kioo kutoka hoteli moja iliyofunga hapa mjini. Urefu futi 6, upana 2, kimo 2, kioo cha milimita 12. Nimepiga hesabu, likijaa hadi ukingoni linabeba kama lita 680. Ukiacha nafasi juu na ukitoa mchanga na mawe, tuseme 600. Liko sebuleni, nyumba ya chini, juu ya stendi ya chuma niliyochomelewa na fundi wa jua kali.

Sasa nyumbani tumegawanyika vikundi vitatu. Mimi nataka oska, yule samaki mkubwa wa Amazon. Nilimpenda siku niliyomwona dukani akimfuata mwenye duka kwa macho, kama mbwa anayengojea mfupa. Njeri wangu, miaka 9, anataka goldifishi. Mama yake anataka "wale wa rangirangi", yaani mbuna, samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Malawi. Mwenye duka ananiambia tangi ni kubwa, niwatie wote, watazoeana.

Maji yangu ni ya kisima, nimepima pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikaja 8.2. Stima hupotea hivi mara mbili kwa wiki. Mnanishauri nini?

mama_tangi (Section 58)

Baba Njeri, hawatazoeana. Watapungua.

Kwanza joto. Goldifishi raha yake ni nyuzi 18 hadi 22. Oska na mbuna wanataka 24 hadi 27. Ukiwapasha moto hawa, unamchosha yule. Pili mdomo. Oska wa dukani ni wa urefu wa kidole, lakini akitunzwa anafika sentimita 30 na zaidi, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Goldifishi wa Njeri hamalizi mwaka. Tatu tumbo. Mbuna kwao ni samaki wa kukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, umeumbiwa majani. Oska anataka nyama: minyoo, kamba, vipande vya samaki. Huwezi kumwagia chakula cha huyu yule asile. Mbuna akizoea vyakula vizito anavimba tumbo, anajitenga pembeni, haja yake inakuwa nyeupe kama uzi. Ukishaona huo uzi mara nyingi umechelewa.

Kwa hiyo chagua kundi moja. Ukiniuliza mimi, kwa maji ya Nakuru ni mbuna. Wanataka pH ya 7.8 hadi 8.6 na wewe unayo bure kutoka kisimani.

Oska_Eldoret

Dada hapo juu amesema kweli yote isipokuwa mwisho. Baba Njeri, usikubali kunyimwa oska.

Ninao wawili, mwaka wa sita huu, tangi la futi 5. Oska anavumilia pH pana, 8.2 haimuui. Anakujua. Mgeni akiingia wanajificha nyuma ya bomba. Mimi nikiingia wanapiga kifuniko kwa vichwa. Mke wangu anasema nawasalimia wao kabla yake, na sina utetezi.

Ila nikwambie na upande wa pili. Usijisumbue na mapambo. Nilipanga mawe kwa ustadi jioni moja, asubuhi nikakuta yote kona moja na mchanga umechimbwa hadi kioo kinaonekana. Waliigonga hita ya kioo mpaka ikapasuka. Sasa natumia yenye kava la plastiki. Na ni wachafu, jamani. Badilisha theluthi ya maji kila wiki, ukikosa wanaanza kutoboka vijishimo kichwani.

Kwa lita 600 weka oska wawili, na ukitaka wenzao, kundi la silver dollar 6, wale samaki bapa wa rangi ya fedha, waliokwisha kukua. Usiweke kambare wadogo wenye miiba. Oska humeza, mwiba unakwama kooni, wanakufa wote wawili.

Shabab_Boy

Na mbuna na angelfishi je? Tangi langu lina wote na wanaishi poa.

mama_tangi

Wana muda gani?

Shabab_Boy

Wiki mbili.

mama_tangi

Turudi hapa baada ya miezi mitatu, mdogo wangu. Angelfishi ana mapezi marefu kama vitambaa, na mbuna anayang'oa kidogokidogo. Mbuna akiwa mchanga hana habari na mtu. Akikomaa anajitwalia jiwe lake, na kila anayepita ni mwizi.

Ziwani_Kisumu

Nawasoma nacheka. Mnatafuta samaki wa Malawi na Amazon, na sisi huku tuna fulu mlangoni.

Kwa asiyejua, fulu ndilo jina la Kijaluo la wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ndugu wa mbali wa hao mbuna. Wavuvi wa hapa Dunga huwatunga kwenye ndoano kama chambo cha mbuta (sangara). Ukimtazama dume wakati wa kuzaa hutaamini ni chambo. Yupo mmoja wa upande wa Mwanza, anakaa kwenye miamba ya visiwani: mgongo mwekundu kama pilipili, ubavu wa njano, mistari myeusi imesimama. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Punda milia, Kiswahili chetu kabisa, halafu Mwalimu Nyerere. Wafugaji wa Ulaya wanamlea kwa miaka mingi, sisi tunamfanya chambo.

Yupo na wa Ziwa Kanyaboli kule Yala, Xystichromis phytophagus. Wafugaji wa nje humwita fulu wa Krismasi kwa rangi zake. Kanyaboli ni muhimu kwa sababu mbuta hakuingia. Ziwani kwetu mbuta aliletwa miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 fulu wengi walikuwa wametoweka. Hata ngege (perege) asilia, Oreochromis esculentus, amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama hicho.

Fulu ni sentimita 10 hivi, hula karibu kila kitu, na joto lao ni lile la mbuna. Mimi ninao 15 kwenye futi 4. Jike hubeba mayai mdomoni wiki mbili hadi tatu, hali kitu, kidevu kimetuna kama mtoto aliyefungia maji mdomoni. Siku akiwatema vifaranga utaita majirani.

Mwalimu_Kakamega

Ziwani, fulu naunga mkono, ila na masharti matatu.

Moja, spishi moja kwa tangi moja. Majike wa fulu wengi wanafanana, kijivu na njano hafifu, hata mtaalamu huwachanganya. Wao wenyewe huchagua dume kwa rangi. Watafiti walionyesha miaka ya 1990 kwamba sehemu za ziwa ambako maji yamekuwa na tope, rangi hazionekani vizuri na spishi zinaanza kuzaliana ovyo. Tangi lenye taa hafifu na spishi tatu litakupa machotara wasio na jina. Mbili, samaki wa ziwani huja na minyoo na chawa wa matamvua. Mtenge kwenye tangi la pembeni wiki 4 kabla hajakutana na wengine, na uulize ofisi ya uvuvi kabla ya kuchota. Tatu, hili ni la wote: ukichoka na samaki usimmwage mtoni. Gugu maji lililotufungia ziwa lililetwa Afrika kama ua la kupamba mabwawa.

Sasa Baba Njeri, maji yako. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana soda nyingi kuliko chokaa. Ndiyo hayohayo yenye floraidi inayotia meno ya watu wa Nakuru rangi ya chai. Kwa mbuna hiyo soda ni nzuri kwa sababu inashikilia pH isiyumbe. Ina hatari moja ambayo maduka hayasemi. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia ina sura mbili, moja sumu kali na nyingine yenye madhara kidogo. Kwa pH ya 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Kwa pH yako ya 8.2 na joto la 25, inakaribia asilimia 8. Uchafu uleule, sumu zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana mtu wa Nakuru akitia samaki 20 kwenye tangi jipya Jumamosi, Jumatano anawazika, halafu anasema maji ni mabaya.

Washa filta, ulishe tangi tupu kidogo kila siku au utie amonia kiasi, ungoje wiki 4 hadi 6 bakteria wanaokula amonia waote. Ukipima amonia sifuri na nitriti (sumu ya pili, inayotokana na amonia) sifuri, ndipo uende dukani.

mama_tangi

Au aje Section 58 achukue kipande cha sponji cha filta yangu, bakteria wameshaota humo. Abebe na maji ya tangi, asiioshe kwa maji ya mfereji, klorini itawaua.

Na mwalimu amesahau stima. Mwaka jana Julai ilipotea saa nane usiku. Nimeamka saa kumi na moja, natembea na tochi ya simu, nasikia sauti kama mvua ndogo juu ya bati. Walikuwa mbuna wangu 22, wote juu ya maji, midomo wazi, wanapigapiga. Nikachota maji ya tangi kwa sufuria nikawa nayamwaga kutoka juu, chota, mwaga, mpaka saa moja asubuhi mkono umekufa ganzi. Wawili nikawapoteza. Siku hiyohiyo nikanunua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha stima ikikatika. Mbuna wanakaa wengi pamoja, hewa inaisha upesi. Oska wawili wangevumilia zaidi, hilo namwachia Eldoret.

Na baridi. Usiku wa Nakuru mwezi wa saba hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Weka hita mbili za wati 300 badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inashikilia, moja ikikwama imewaka, haiwezi kuwachemsha peke yake. Bandika boksi gumu la povu nyuma na kando. Ziwani wa Kisumu hana shida hizi, anafugia ndani ya joto la Mungu.

Ziwani_Kisumu

Nina shida ya klorini na mbu. Usinionee wivu.

Fundi_Vioo_Njoro

Kabla ya samaki wowote. Tangi hilo likijaa, maji, kioo, mawe na mchanga ni karibu kilo 900. Tandika povu chini yake, upime kwa pima maji stendi isiegemee. Kagua silikoni ya kona, ya hoteli huwa imekauka. Lijaze nje siku tatu uone.

BabaNjeri_Lanet

Asanteni sana. Fundi, nimelijaza uani, kona moja ilitoa jasho, nimeikwangua na kupaka upya.

Jana usiku tumekaa kikao. Njeri nimemwambia habari ya joto, akauliza swali moja tu: kwa nini basi goldifishi asikae mahali pa baridi? Nimekosa jibu. Kuna tangi dogo la futi 3 lililokuja na hilo kubwa, litakaa ukumbini bila hita, goldifishi wawili, basi. Fulu nitakuja kuwaona Dunga, lakini kwa mtu anayeanza naogopa habari ya chawa na minyoo. Tangi kubwa limeenda kwa mama yake. Mbuna gani sasa, na wangapi?

mama_tangi

Hongera kwa mama. Anza na wapole: Labidochromis caeruleus, yule wa njano, saulosi, dume wa buluu na majike wa njano, na Iodotropheus sprengerae mwenye rangi ya kutu. Jumla 25 hadi 30. Najua inasikika kama kujaza matatu, lakini mbuna wakiwa wachache mbabe humkamata mnyonge mmoja na kumfukuza mpaka afe. Wakiwa wengi hasira inagawanyika. Dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, na uwatie wote siku moja ili asiwepo mwenyeji.

Kuna mbuna wakali: mkimbie auratus hata wakikupa bure. Na kenyi pia. Jina lisikudanganye, si Mkenya, na ni mkorofi hasa.

Mawe yapange juu ya kioo chenyewe, kwenye kipande cha povu, halafu ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga watachimba chini yake na yatakuangukia kioo. Ya Menengai, volkeno yetu ya Nakuru, ni mazuri, ila yale mepesi yenye matundu huelea. Hayo yaponde uyatie ndani ya filta, bakteria wanayapenda.

Oska_Eldoret

Nimeshindwa kesi. Baba Njeri, futi 5 ikipatikana nitakutafuta.

BabaNjeri_Lanet

Taarifa ya wiki ya sita. Sponji ya dada ilisaidia. Amonia sifuri, nitriti sifuri, mbuna 26 ndani tangu Jumamosi, hajafa hata mmoja. Mama Njeri anahamisha kiti cha televisheni. Goldifishi wawili wako ukumbini, mmoja ameitwa Chapati.

Leo nilienda dukani kununua chakula cha mwani. Yule oska bado yupo. Amekua. Nilipolipa akageuka, akanifuata kwa macho hadi mlangoni.

mama_tangi

Chakula kingine nitakununulia mimi. Usirudi hapo.