Taa nne za ziada kwenye trekta, swichi inayeyuka

Mkulima wa Mtongwe:
Assalaam aleikum jamani. Nina Massey Ferguson 240, nalimia watu huku Likoni hadi upande wa Kwale. Masika yakikaribia kazi huwa nyingi na jua la mchana halivumiliki, kwa hivyo nalima usiku. Nimefungiwa taa nne za LED, wati 48 kila moja: mbili mbele, mbili nyuma ziangazie plau. Fundi alivuta waya mwembamba kutoka betri, ukapita kwenye swichi hadi taa. Fyuzi hakuna. Juzi nikanusa plastiki inaungua. Kugusa swichi, imelainika kama ubani motoni. Nishaurini kabla trekta haijashika moto.

Fundi Waya:
Wa aleikum salaam. Ng'oa waya huo kwenye betri leo, usingoje kesho. Wati 48 mara nne ni 192. Gawa kwa volti 12, ni ampea 16. Swichi ndogo haihimili. Nunua rilei ya ampea 40, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa wa taa huku swichi yako ndogo ikiiamuru tu. Miguu yake ina namba. Mguu wa 30 utoke chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 20, na fyuzi ikae hapo hapo ubavuni mwa betri. Ukiiweka kule kwenye taa, waya ukichubuka njiani ukagusa bodi utawaka na fyuzi ikiwa nzima. 87 kwenye taa, 86 kwenye swichi, 85 erthi, yaani chuma cha bodi ya trekta. Waya mkubwa uwe wa milimita 4 za mraba.

Mama Shamba, Kisauni:
Usidharau erthi, mwanangu. Taa zangu zilififia nikadhani zimekufa. Kufungua boliti, kichwa cha waya kimeota ukungu wa kijani kwa chumvi ya bahari. Nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Hadi leo zawaka.

Dereva wa Usiku:
Za nyuma zipe swichi na rilei zake. Ukiingia lami uzizime, zinampofusha anayekufuata.

Mkulima wa Mtongwe:
Shukrani sana. Na altaneta, ile inayochaji betri, itatosha?

Fundi Waya:
Soma ampea kwenye kibandiko chake, jumlisha na taa za kawaida. Kisha washa zote injini ikizunguka, upime betri. Ikisoma chini ya volti 13, altaneta imezidiwa.

Mkulima wa Mtongwe:
Nimefunga rilei mbili, kila moja na fyuzi yake. Betri yasoma 13.8 zote zikiwaka. Nimelima saa tatu mfululizo jana usiku, swichi baridi kabisa.