Nyie mnaouza chupa za stainless za "304" hapa Moshi, njooni mniambie hii kutu imetoka wapi

Wakuu habari za jioni. Naandika na hasira zangu kwa hiyo mnisamehe mpangilio.

Mi ni gaidi msaidizi Kilimanjaro (yaani guide, muongoza wageni mlimani, msianze), nimeanza kama mgumu, nimebeba mizigo ya watu miaka minne ndo nikapandishwa, kwa hiyo chupa ya maji kwangu siyo urembo wa kupigia picha. Zile za plastiki za maji ya dukani, za kutumia mara moja, haziruhusiwi kupanda nazo, kila mtu lazima awe na chombo chake. Miaka yote nilitumia Nalgene (chupa ya plastiki ngumu ya kudumu) niliyoachiwa na mgeni, ikapotea kambi ya Horombo sijui nani kaibeba, nkasema safari hii nanunua kitu cha maana, stainless ya kutunza joto, nizeeke nayo.

Elfu 45. Narudia, elfu arobaini na tano, duka lenye vioo na feni, siyo mtu aliyetandika turubai chini. Kitakoni imegongwa "304" na "18/8" (yote ni alama ya stainless ya daraja zuri), stika inasema moto masaa 12 baridi masaa 24. Jamaa akatoa sumaku mfukoni kabisa, akaigusisha, haikunata, akaniangalia kama mganga aliyemaliza kazi: "Umeona kaka? Hiyo ndo stainless yenyewe." Nkalipa.

Trip ya njia ya Machame, usiku wa kupiga samiti, yaani kupanda kileleni. Pale kambi ya Barafu hakuna maji, wagumu wanayabeba kutoka kambi ya Karanga, kwa hiyo kila kikombe kina jasho la mtu. Saa 4 na nusu usiku mpishi akanijazia chai ya tangawizi inachemka. Nikaikumbatia ndani ya koti na hapa wakuu ndo mjue nilivyo mjinga, chupa ilikuwa ya moto kwa nje, vidole vinapata raha, nikawa nafurahi eti nimepata na hita bure. Sikuwaza kabisa kwamba chupa ya kuta mbili ikipata moto nje maana yake ule uwazi wa katikati ushaingia hewa na joto linatoka linaenda zake. Nilikuwa naota moto wa chai yangu mwenyewe.

Saa 9 usiku tushapita mita 5,000, mrija wa mgeni umeganda (hiyo ni kila siku, ile mirija ya kunyonyea inaganda na wageni hawasikii), namwambia mama wa watu usijali nina chai ya moto. Nafungua, kifuniko kimekaza, navuta, kile kishikio cha plastiki kikakatika tak kikabaki kwenye glavu. Nikahangaika mpaka kikafunguka, chai yenyewe ya baridi kama imetoka mtoni. Kufika Stella Point, ukingoni mwa kreta, saa 12 asubuhi ule mdomo mwembamba umezibwa na barafu, ukitikisa unasikia kokoto. Mama wa watu akanywa Nalgene ya gaidi mwenzangu, aliivalisha soksi ya mtumba akaigeuza kichwa chini kwenye begi, maana barafu inaanzia juu, na juu sasa ni kitako, mdomo unabaki wazi.

Najua kuna wajuaji watasema kule maji yanachemka mapema. Ni kweli, kambini Barafu yanachemka kwenye nyuzi 84, 85 hivi, hata chupa nzuri inaanza na upungufu. Sawa. Ila masaa manne na nusu jamani? Na stika imeandika 12?

Hata hilo ningemeza. Nimerudi nyumbani nikaisahau na maji siku tatu, kufungua inanuka kama sarafu ya zamani. Nikamulika na tochi ya simu, vidoa vya kahawia vimezunguka shingoni pale kwenye mshono, na kitakoni kimeota kingine saizi ya punje ya ulezi. Nasugua na mswaki kinatoka, kesho yake kipo. Nikarudi dukani. Jamaa yuleyule bila aibu ananiambia uliweka limao. Nkamwambia tangawizi. Akasema basi hiyo tangawizi. Mara umeidondosha, mara ananionyesha kibango mali ikishauzwa hairudishwi. Yaani tangawizi ndo iozeshe 304 wiki moja? Masinki ya jikoni hotelini yanamwagiwa ndimu kutwa, matangi ya maziwa kiwandani ni 304 hiyohiyo! Ungesema nimeilaza na Jik usiku kucha ningekuelewa, klorini kweli inakula stainless.

Nikaipeleka kwa fundi wa mageti na reli za ngazi. Ana kichupa cha dawa ya kupimia, akadondosha tone kwenye bomba lake la 304, wala. Akakwangua kitako cha chupa yangu akadondosha, dakika haijaisha limekuwa jekundu. Akacheka, "201 hiyo." Kwa alivyonielewesha, kwenye 201 wanapunguza nikeli maana ndo ghali wanajazia manganizi, ikiwa mpya inang'aa vilevile. Na hapa ndo paliponiuma, kumbe 201 nayo hainati sumaku! Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida na zile stainless za chini kabisa, kati ya 201 na 304 haijui chochote, tena 304 halisi ikishakunjwa kiwandani inaweza kunata kidogo ukaikataa bure. Fundi akaipasua na grenda, ukuta wa ndani mwembamba kama kopo la soda. Sasa nyie hizo namba za kitakoni huwa mnagonga na muhuri wa nani?

Anayetaka kununua aachane na sumaku. Omba maji yanayochemka hapohapo dukani, mama ntilie hakosekani jirani, jaza, funga, subiri dakika 5 halafu papasa ubavu wote mpaka kitako. Ukisikia joto popote mbali na kifuniko, rudisha. Akigoma kukuruhusu ushapata jibu. Mdomo uwe mpana, na kile kimpira cha kifuniko kiwe kinatoka usafishe, vinginevyo kinaota ukungu. Kama hutaki kutunza joto chukua ya ukuta mmoja, nyepesi na unaweza kuibandika jikoni kifuniko kikiwa wazi, ya kuta mbili usithubutu, kama kuna hewa imefungiwa katikati inaweza kuipasua. Mshkaji wangu ana Klean Kanteen ya ukuta mmoja ya mtumba, kaiokota soko la Memorial elfu 15, ina bonde ubavuni kama imegongwa na bodaboda na kutu hana.

EDIT: mnaonifuata PM kutaka jina la duka, sitaji, sina hela ya wakili. Na anayesema nimpe chupa akapime tena, nusu ya chini fundi kaichukua anawekea misumari.

Jumapili napanda njia ya Lemosho siku 8, mwenye Nalgene ya mdomo mpana Moshi au Arusha hata iliyochakaa anicheki, nina elfu 20 na soksi ninayo.